Nge wa Kwenye Mkufu

Salome,

Salamu sikuandikii. Shikamoo yako niliipokea jioni, marahaba nikakujibu, na ugali tumekula wa sufuria moja. Afya yangu unaijua: goti linauma, ulimi hauumi. Ungekuwa unauma kidogo mngepata amani katika nyumba hii.

Mwandiko usiucheke. Niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kusainia tu. Hii ni yako, umeisahau mezani, na karatasi nimechana kwenye daftari lako la zamani la Jiografia. Ukigeuza nyuma ukakuta mito ya Tanzania, hiyo si mimi.

Mambo ya begi, kufunga mlango wa bweni na kutokula vya barabarani sitayasema. Yamesemwa na kila aliyepita hapa uani, hata na jirani yetu ambaye mwenyewe hajafika Manyoni, lakini anakuelekeza Tabora utadhani kazaliwa stesheni. Mimi nataka kusema juu ya huyo mdudu uliyemning'iniza shingoni.

Nimemtazama tangu ulipomnunua mnadani. Mkia juu, makucha wazi, kapakwa dhahabu ya uongo ambayo imeshaanza kukuachia alama ya kijani kifuani. Kila ukiinama kuninawisha mikono anabembea mbele ya pua yangu, karibu na mboga. Siku ile ya mlenda nilisukuma sahani, ukadhani naumwa. Sikuwa naumwa, nilisikia kinyaa. Watu wazima tunatikisa viatu kabla ya kuvaa kwa sababu ya mnyama huyo, wewe unamvaa kifuani, na ukiulizwa unasema, "Ni nyota yangu, baba."

Nyota yako!

Unakumbuka siku ile tunapiga alizeti, wewe umekaa juu ya gunia na simu, mimi na fimbo? Ukanisomea habari yote. Kwamba zamani huko Ugiriki kulikuwa na muwindaji mrefu, mzuri wa sura, mwenye majivuno, akasema atawaua wanyama wote wa dunia asibakize hata mmoja. Dunia yenyewe, ambayo kumbe ni mama wa viumbe vyote, ikakasirika, ikamtoa nge ardhini akamchoma, muwindaji akafa. Miungu yao ikawachukua wote wawili ikawabandika mbinguni, lakini mbalimbali, kwa sababu ya ugomvi. Ndiyo maana, ukasema, nge akichomoza upande huu, muwindaji anazama upande ule. Hawaonani mpaka leo.

Ukanitazama kama mtu aliyeleta habari njema. Mimi nikakuuliza, "Na huyo nge alikosewa nini na muwindaji?" Ukasema hakukosewa kitu, alitumwa. Nikasema basi ni mjinga. Katumwa kwenye ugomvi wa watu, kafanya kazi chafu, na mshahara wake ni kukaa peke yake juu kwenye baridi. Ukanuna. Ukasema mimi siwezi kuelewa kwa sababu sina nyota.

Kisha ukaanza kunisomea tabia za watu wa Nge. Kwamba wana macho makali yanayoona ndani ya moyo wa mtu. Wewe, Salome, ambaye ulipika chai kwa chumvi Jumapili ile na mkebe wa sukari uko mbele yako! Kwamba ni wasiri. Wewe! Siri ya mimba ya binti wa jirani ilifika kisimani kabla ya ndoo yako. Kwamba wana mvuto. Hapo nilinyamaza, mimi ni baba, sitaki kujua. Kwamba ni watu wa maji. Hapo nilicheka hadi fimbo ikanidondoka. Nge wa maji, Sepuka hii, ambako maji tunayafuata na punda! Nge ninayemjua mimi anakaa chini ya jiwe kavu mwaka mzima na hajawahi kuomba hata tone.

Na hiyo tarehe yenyewe ya kuzaliwa unajua ilivyopatikana, nimekusimulia mara nyingi na ulikuwa ukicheka kabla hujawa mtu wa nyota. Nilikupeleka kuandikishwa shule, mwalimu akauliza umezaliwa lini. Nikamwambia mvua zilikuwa zimeshaanza, tulikuwa shambani, marehemu mama yako akatupa jembe akaniita. Akasema tarehe, mzee, nataka tarehe. Nikasema andika yoyote iliyo nzuri. Akaandika ya Novemba aliyoipenda yeye. Sasa tuhesabu na mvua za huku kwetu: zikianza mapema nyota yako ni Mshale, zikichelewa ni Mbuzi. Mbuzi, Salome! Jitazame kwenye kioo ukitafuna muwa, halafu uniambie.

Lakini haya ni mizaha, na mizaha kwangu haiishi. Linalonitia kichefuchefu ni hili la mwisho ulilosoma, ukalirudia kama aya: "Nge hasahau. Nge hasamehe."

Najua ulimlenga nani. Mama yako mdogo alikuwa amekaa pale pale kwenye kinu, anapepeta, na ungo ukasimama hewani.

Turudi kwenye siku ya wageni. Najua hutaki, lakini barua ni yangu. Watu wa upande wa yule kijana aliyetaka kukuoa wamekuja kutoka Unyambwa kuzungumza habari zako. Wanaume watatu wameingia. Mmoja ana koti, kofia, tumbo la kutosha, kaenda moja kwa moja kwenye kiti chenye mto. Wa pili mwembamba, kandambili, kakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Wa tatu ni mshenga, yeye tunamjua. Mama yako mdogo Zuhura, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakimbiza jogoo wetu mkubwa, akaleta nyama, akapiga goti, akawanawisha, na firigisi, ambayo ni ya mkubwa wa wageni, akaiweka mbele ya koti. Nani asingeiweka pale? Kumbe koti ni dereva. Kumbe kandambili ndiye mjomba wa kijana, mkubwa wa msafara.

Dereva aliitupa firigisi mdomoni akaimeza kama kidonge. Mjomba akarudisha mkono wake uliokuwa unakwenda kwenye tonge.

"Tumeelewa," akasema.

Mshenga akasema, "Mzee, ni bahati mbaya tu, mama hakujua—"

"Nimesema tumeelewa mnavyotuona."

Nami nikafanya nini? Nilicheka. Ulinisikia hadi jikoni. Ile shingo ya dereva ilivyopanda na kushuka, mwanangu, hata padri angecheka. Wakanawa, wakaondoka, ugali ukabaki na alama za vidole. Baadaye likaja neno kwamba kijana amesema tusisumbuane tena.

Mimi nilivunja mazungumzo kwa kicheko changu kuliko Zuhura kwa firigisi yake. Kila mtu anajua hivyo, na wewe pia. Lakini mimi bado unaniamkia. Unaninawisha mikono. Yeye tangu siku hiyo hujampa shikamoo. Unapita mbele yake asubuhi na ndoo kichwani, unasema, "Habari." Habari! Ndivyo tunavyomsalimia muuza vyombo. Mtoto wa hapa kwetu kumwambia mama yake habari, hata mbwa wanageuza shingo. Na yeye anajibu nini? Umewahi kusikiliza anachojibu, au hayo macho makali yana masikio mabovu?

Anajibu, "Marahaba, mwanangu."

Kila asubuhi. Hujamwamkia, yeye anaitikia. Nimemuuliza, "Zuhura, unaitikia nini? Huyu kakwambia habari." Akasema, "Mimi nasikia vizuri tu." Akaendelea kuchochea moto.

Nikukumbushe na nge wa kweli, maana wa kwenye simu wamekusahaulisha. Ulikuwa unabadili meno. Mama yako alikuwa ameshatutoka, na Zuhura alikuwa mgeni katika nyumba hii, hata mbuzi walikuwa hawajamzoea, na wewe ulikuwa unamwita "yule". Umekwenda kuokota kuni kwenye mawe kule nyuma, ukainua jiwe, ukapiga kelele ambayo bado naisikia. Mimi nilishika jembe nikakimbilia kwenye jiwe. Yeye alikimbilia kwako. Alikufunga kanga mgongoni, msichana mkubwa mwenye miguu inayoning'inia hadi kwenye magoti yake, akaondoka nawe kwenda zahanati mchana wa jua lile, bila ndala. Ndala zilibaki mlangoni, moja imepinduka.

Nikainua jiwe. Nge alikuwa pale, mnene, mweusi, na mgongoni amebeba watoto, weupe, wamejaa kama punje za uwele. Simu yako haikusema hilo, siyo? Anabeba watoto wake wote mgongoni, na mkia juu yao. Nikamponda yeye na wao, kuku wakaja wakamaliza. Nilisikia kinyaa cha kutapika, sijui kwa ajili ya mdudu au kwa ajili ya jembe. Jioni Zuhura akarudi. Ulikuwa bado mgongoni, umelala, mate yako yamelowesha gauni lake lote begani. Akasema, "Usimwamshe." Kesho yake ukamwita mama.

Basi. Sisemi zaidi hapo.

Nikueleze kwa nini maneno ya nyota yananichefua kuliko nge mwenyewe. Mimi nimewahi kuwa na nyota, Salome. Ulikosea uliposema sina.

Nilipokuwa kijana, mimi na baba yako mkubwa wa Mitundu tulikuwa hatuachani. Kazi yetu ilikuwa mizinga. Mzinga wa gogo haupandishwi na mtu mmoja: mmoja anakaa juu ya mti na kamba, wa pili yuko chini anasukuma na kuelekeza, na wote wawili wanatukanana hadi ukae sawa. Sisi tulitukanana vizuri kuliko watu wote wa msitu ule. Asali yetu ilikuwa inatafutwa.

Siku moja mnadani akaja mtu wa kupiga nyota. Ana kilemba, ana kitabu kichafu, anauliza jina lako na la mama yako, anahesabu kwa vidole. Tukaenda kwa mchezo. Mimi akaniambia, "Wewe ni Ng'ombe. Mkaidi, mzito, husukumwi." Kaka yangu akamwambia, "Wewe ni Nge." Nilikuwa nimeanza kucheka, nikamuuliza, "Sheikh, mama yetu ni mmoja, vipi mmoja ng'ombe mmoja nge?" Hakucheka. Akasema, "Ndiyo hatari yenyewe. Hawa wawili hawakai zizi moja. Mmoja atamwua mwenzake."

Tulirudi nyumbani tunaigana sauti yake. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Zamani tukigombana ilikuwa ni kwa sababu ya kamba, au moshi, au nani kala sega. Tunapigana, tunachoka, tunalala. Baada ya siku ile kila ugomvi ukawa mkubwa kuliko sisi. Akinikemea, nasema moyoni, huyo ni Nge anachoma. Nikikataa jambo, anasema, "Ng'ombe huyo, muacheni." Siyo lazima tena kutafuta nani kakosea. Nyota imekosea. Ilikuwa raha, mwanangu, sikufichi. Hakuna uvivu mtamu kama ule. Unamkosea mtu, halafu unanyoosha kidole juu.

Tukagawana mizinga. Yeye akahamia Mitundu, mimi nikabaki. Nikaanza kupandisha peke yangu. Unajua mtu mmoja anapandisha mzinga hadi wapi? Hadi mkono wake unapofika. Nikaitundika chini chini, kwenye matawi ya kuona haya, na nyegere wakawa wanakuja kula wamesimama, bila hata kupanda. Nilikuwa nakuta mzinga umepasuliwa, masega yametafunwa, nyayo zimejaa, na harufu ya mnyama yule imetapakaa kote. Nilitema mate, nikasema ni kazi ya Nge, kaniroga kutoka Mitundu. Nyegere wamesimama pale wanashiba, mimi namlaumu kaka.

Mwaka jana nilikwenda kumwona, unakumbuka niliaga kwamba naenda kutafuta mbegu. Nilimkuta amekaa mlangoni anachonga mpini. Akanitazama sana, macho yake siku hizi yana ukungu.

"Ng'ombe?" akasema.

"Nge upo?"

"Nipo. Umekuja kunikanyaga?"

"Goti halinyanyuki."

Tukacheka hadi mke wake akatoka na mwiko kuangalia kuna nini. Nikamuuliza, "Hivi tuligombana nini hasa mara ya mwisho?" Akasema ni kwa sababu niliiuza kamba yetu. Sikuwahi kuuza kamba. Mimi nakumbuka ni kwa sababu alinicheka mbele ya wakwe. Yeye hakumbuki kucheka. Mbele ya nyumba yake kuna mti mkubwa, umenyooka, una panda nzuri kule juu ya kutundika mzinga. Tukautazama pamoja. Yeye akatazama miguu yangu, mimi nikatazama macho yake. Hakuna aliyesema tupande.

Sasa elewa ninapokutazama unavyoingia jikoni na mama yako mdogo anatoka. Anaingia yeye na ungo, wewe unabeba ndoo unatoka, hata kama ndoo imejaa. Nakaa hapa kwenye kigoda changu nawaona mnavyopokezana mlango. Ni ule ujinga wa mbinguni ulionisomea, mmoja akichomoza mwingine azame, nao umeletwa kwenye jiko langu la mabanzi. Nami sili vizuri, maana mboga inaungwa na huyu na kuepuliwa na yule, hakuna anayejua kama chumvi imeshatiwa.

Unakwenda kusomea uuguzi. Utashika watu wenye usaha, wanaotapika, wanaotukana kwa maumivu, nao hutawauliza wamezaliwa mwezi gani. Kinyaa utakizoea, wote wanakizoea. Mimi huyo wa kwenye mkufu ndiye siwezi kumzoea.

Nimalizie na habari ya leo, kisha nizime taa.

Jioni ulipokuwa unaaga kwa shangazi yako, Zuhura alichinja yule jogoo mwekundu, wa mwisho aliyebaki wa maana. Nyama kakukaangia kavu ya safari, hilo umeliona. Mimi nikakaa karibu na chungu nikisubiri kilicho changu. Tangu nimeoa katika nyumba hii, kila kuku aliyekufa, firigisi imekuja kwangu, isipokuwa ile moja iliyokwenda kwa dereva. Chakula kikaja. Nikafunua. Shingo, mgongo, bawa.

"Firigisi iko wapi?"

"Nimemwekea mtoto."

"Mtoto gani?"

"Una wangapi wanaosafiri kesho?"

Nikamwambia, "Zuhura, mwanamke hali firigisi. Hata mama yangu hakuwahi kuionja."

Akasema, "Huyu ataila." Na akanifunika sufuria mbele ya uso, mimi mwenye nyumba.

Basi iko ndani ya begi lako, juu kabisa, kwenye kile kibakuli cha mfuniko wa bluu, imefungwa na leso yake. Nimekwenda kuifungua, sikufichi. Kaikata vipande vidogo kama vya mtoto anayebadili meno. Nimeinusa, nimeifunga tena. Sijagusa. Katika maisha yangu hakuna jambo kubwa zaidi nililokufanyia.

Alfajiri atakuwa amekwisha amka kabla yetu, atakuwa amesimama pale kwenye kinu, kwa sababu lazima upite hapo kufika barabarani. Mimi nitakuwa ndani, natafuta kandambili zangu, na nitazitafuta polepole. Kama unataka kumrudishia kibakuli chake, mrudishie mkononi. Kama umeamua kula, kuna neno linalotangulia chakula cha mama. Jibu lake limekuwa likisemwa kila asubuhi tangu wageni walipoondoka. Halihitaji kusubiriwa.

Limebaki lile la kwanza.

Ni mimi baba yako, Ng'ombe wa Sepuka, nimeshiba shingo ya jogoo.